Chumvi ya Saa Kumi

Kiwandani Zugdidi kuna pipa la chuma, lita mia sita.
Humo jibini hulala siku mbili ikinywa chumvi.
Asubuhi ile tulikuta bomba la maji baridi liko wazi:
lita tatu zikiingia kila dakika,
lita tatu zikimwagika ukingoni hadi mferejini,
na kikorogeo kikizunguka tu,
hakina habari.

Bi Tsitsino hakuuliza. Alimtazama Jondo,
mlinzi wa usiku, aliyetoka zamu saa nane
na kulala stoo kwa sababu ya theluji.
Jondo akavua kofia. Akatafuta kikombe chake rafuni,
akakitia mfukoni,
kama mtu aliyekwisha kufukuzwa.

"Ngoja," nikasema. Sijui ulimi niliupata wapi.
Mimi ni muosha vyombo. Jioni nasoma chuo cha ufundi,
benchi la nyuma, karibu na jiko la kuni.

Nikatumbukiza kipimo.
Jana pipa lilikuwa na kilo tisini za chumvi.
Sasa arobaini na tano.
Saa ya ukutani: kumi na mbili na dakika kumi na tisa.
Nikaokota chaki, nikaandika ubavuni mwa pipa:

dM/dt = −M/200

M ni marili, ndivyo chumvi inavyoitwa huku kwetu.
Maana yake, Bi Tsitsino, ni hii tu:
chumvi huondoka kwa kadiri ya ile iliyopo.
Ikiwa nyingi hutoka mbio, ikipungua husuasua,
kama wageni wa karamu:
kwanza kundi zima mlangoni, wanakanyagana,
kisha mmoja mmoja,
na yule mjomba wa mwisho haondoki kamwe.

Kisha nikatenga, pumba huku, mchele kule:
M zote upande mmoja, t zote upande wa pili.
Nikavikusanya vile vipande vidogo visivyohesabika
viwe kitu kizima tena:

ln M = −t/200 + C

Kwenye C mkono ulisita.
Jumatatu niliisahau mtihanini. Mwalimu Otia
alizungushia wino mwekundu mahali patupu.
"Bila hii, dada, una mikunjo elfu, yote sahihi,
na hujui ni upi uliopita mlangoni kwako.
C haikisiwi. Huulizwa mwanzo."

Mwanzo ni tisini. Nikauweka.
Chumvi kubaki nusu: mia mbili mara 0.693,
dakika mia moja thelathini na tisa.
Angekuwa Jondo, tangu saa nane,
zisingebaki hata kilo ishirini na tano.

Nikahesabu kurudi nyuma kwa vidole, kama mtoto.
Saa kumi na moja na kidogo. Bado.
Saa kumi.
Saa kumi kamili.

Saa kumi alfajiri huingia mtu mmoja.
Hutundika koti, hufungulia maji asuuze ukingo wa pipa,
na leo, maji yakiwa wazi, alikumbuka swali la tatu,
akaenda dirishani penye taa kulitazama tena.
Kikulacho ki nguoni mwako.
Nguoni mwangu mlikuwa na daftari, bado limeloa pembeni.

Hakuna mwingine pale aliyeweza kuisoma ile chaki.
Kitambaa kilikuwa begani.
Mkono wangu ulikigusa, sitaficha,
ukakigusa mara ya pili.

"Saa kumi," nikasema. "Ni mimi."

Bi Tsitsino akatoa kalamu, akaandika jina langu
na idadi ya jibini zilizoharibika,
herufi zake kubwa, za polepole.
Jondo akachovya kidole pipani, akalamba.
"Bado ina chumvi," akasema, bila kunitazama.

Ndiyo. Hata mlinganyo unasema hivyo.
Ungeacha bomba wazi hadi Pasaka,
isingefika sifuri.
Akakitoa kikombe mfukoni,
akakirudisha rafuni, mahali pake.